Kusoma wadudu wa mtoni kutoka chanzo hadi mdomo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Geuza jiwe kwenye kijito cha mlimani na utawaona wadudu bapa wenye mikia mirefu wakikimbilia upande wenye giza. Fanya hivyohivyo kwenye mto huohuo baada ya kushuka mpaka tambarare, na huenda usimkute hata mmoja wao. Wengi wakiona hivyo hutoa hukumu papo hapo: mto umechafuliwa. Inawezekana. Lakini hata mto ambao haujaguswa na mtu hubadilisha wakazi wake kadiri unavyoshuka, na asiyeyajua mabadiliko hayo ya kawaida hawezi kuyatambua yasiyo ya kawaida. Ndiyo maana nasisitiza kupima mto mzima kabla ya kukilaumu kituo kimoja.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya kazi hiyo kwa vifaa vya kawaida: mwanafunzi, mwalimu, mtumishi wa bonde la mto, au kikundi kinachotunza kijito chake.

Hatua ya 1: Jua unachotarajia kabla hujaingia majini

Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake walichapisha wazo ambalo watafiti wa mito bado wanaanzia kwake: kwamba mto ni mfululizo mmoja, na viumbe wa kila sehemu hupangwa na chakula kilichopo hapo pamoja na kile kinachoponyoka kutoka juu.

Karibu na chanzo, kijito ni chembamba na matawi ya miti hukutana juu yake. Jua halifiki vizuri, kwa hiyo mwani ni haba. Chakula ni majani yanayoanguka kutoka ukingoni. Hapo wanastawi wakataji, yaani wadudu wanaotafuna majani baada ya kuvu na bakteria kuyalainisha. Makombo na kinyesi chao huchukuliwa na maji yakawalishe wengine huko chini.

Mto ukipanuka, mwanga hufika sakafuni, mawe huota utelezi wa mwani, na wakwanguzi huongezeka. Chini kabisa maji ni mengi, yana kina na tope, mwanga haufiki tena chini, na chakula kilichobaki ni chembe laini zilizosafiri safari yote hiyo. Huko wanatawala wakusanyaji, wanaookota chembe kwenye mashapo, na wachujaji, wanaozinasa zikipita. Wawindaji hawabadiliki sana kwa uwiano. Penye mawindo wapo.

Chakula si sababu pekee. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 takribani 9.1, na ya nyuzi 30 takribani 7.6. Mdudu mwenye matamvua madogo aliyezoea maji baridi yanayokimbia hana maisha kwenye maji vuguvugu yaliyotulia, hata yawe safi namna gani.

Halafu kuna nguvu ya mkondo, na hii inasomeka kwenye maumbile yenyewe. Mabuu wa Blephariceridae, familia ya inzi wanaoishi kwenye maporomoko, wana vinyonyeo sita tumboni vya kushikia mwamba. Tunutu (wadudu wachanga wasio na mabawa) wa familia ya Heptageniidae wamebanwa bapa hata mkondo unawapitia juu. Mabuu wa inzi weusi, Simuliidae, hutandaza uzi wa hariri juu ya jiwe, hujishika kwa kulabu za mkiani, kisha hufungua mapepeo ya kichwani, kama feni, yanayochuja maji. Ukishuka kwenye mchanga, ubapa haufai kitu. Huko utamkuta mtoto wa kereng'ende wa familia ya Gomphidae, aliyejifukia akabakiza macho na ncha ya tumbo tu, na tunutu wa Caenidae, ambaye jozi moja ya matamvua imegeuka kuwa vifuniko vinavyokinga mengine yasizibwe na tope.

Uchukue mfululizo huu kwa tahadhari. Ulijengwa hasa kutokana na mito ya misitu ya Amerika Kaskazini. Katika vijito vingi vya tropiki wadudu wakataji ni wachache kuliko unavyotabiri, na sehemu kubwa ya kukata majani hufanywa na kaa na kamba. Na mto unaoanzia kwenye nyasi au juu ya mpaka wa miti hupata jua tangu mwanzo, hivyo wakwanguzi huanzia kulekule juu. Linganisha mto wako na mantiki ya wazo hili, yaani chakula, mwanga, joto na mkondo. Usiulazimishe ufanane na mchoro.

Hatua ya 2: Chagua vituo kwenye ramani

Tumia ramani ya vipimo vya 1:50,000 au picha za setilaiti, kisha upe kila kipande cha mto daraja kwa utaratibu wa Strahler. Kijito kisicho na tawimto ni daraja la 1. Viwili vya daraja la 1 vikikutana huzaa daraja la 2. Viwili vya daraja la 2 huzaa la 3. Kijito cha daraja la 1 kikimwagika kwenye mto wa daraja la 3, mto unabaki palepale. Kwa makadirio, daraja la 1 hadi la 3 ni sehemu ya juu, la 4 hadi la 6 ni ya kati, na kuanzia la 7 ni ya chini.

Weka vituo visivyopungua viwili katika kila sehemu, maana kituo kimoja hakiwezi kukuonyesha kama unachokiona ni tabia ya eneo lote au ni bahati ya mahali. Ongeza jozi ya vituo, kimoja juu na kimoja chini, kwenye kila bwawa, tawimto kubwa na mji. Epuka daraja la barabara na kivuko cha mifugo. Ikibidi, pima upande wa juu yake. Andika mwinuko na umbali kutoka chanzo, kwa sababu baadaye kila kitu kitachorwa juu ya mstari huo wa umbali.

Hatua ya 3: Chagua msimu, andaa vifaa

Pima mto ukiwa umepungua na kutulia. Mafuriko hung'oa mawe na kusomba wadudu, kwa hiyo subiri angalau wiki mbili baada ya mafuriko makubwa. Vituo vyote vipimwe katika siku zinazofuatana. Vituo vya juu vikipimwa mwezi huu na vya chini mwezi ujao, tofauti za msimu na za mahali zitachanganyika na hutazitenganisha tena.

Unahitaji wavu wenye matundu ya nusu milimita (mikroni 500), sinia jeupe, vibano laini, chupa zenye vifuniko vya kubana, ethanoli, kipimajoto, kipima oksijeni kama kinapatikana, tepu, saa, lenzi ya mkononi na penseli. Matundu ya mikroni 250 hunasa wadogo zaidi lakini huziba haraka kwenye maji ya tope. Chagua moja na usibadilishe katikati ya kazi.

Kuhusu usalama: usiingie peke yako, na usisimame kwenye maji ya kasi yanayopita goti. Vaa buti ndefu na glavu, hasa sehemu za chini zenye maji yaliyotulia, ambako katika nchi za joto konokono wanaoeneza kichocho hupenda kukaa. Penye mamba au viboko, kituo kihamishwe.

Hatua ya 4: Pima hali ya mahali

Pima joto, oksijeni, pH na upitishaji umeme kabla hujayavuruga maji. Kasi ya mkondo ipime kwa kitu kinachoelea kikiwa kimezama nusu: kiache kisafiri mita 10, chukua muda, rudia mara tatu, kisha zidisha wastani kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kadiria asilimia ya kivuli. Kwa sakafu ya mto, tembea kwa mshazari ukiokota mawe 100 bila kuchagua, na pima upana wa kila moja.

Kuna mtego mmoja hapa ambao naona watu wengi hawaufikirii. Ukianza juu asubuhi na kumaliza chini alasiri, joto litapanda kituo hadi kituo hata kama mto hauna tofauti yoyote, kwa sababu siku yenyewe inapata joto. Pima joto la kila kituo saa ileile kwa siku tofauti, au siku ya pili anza kutoka chini. Kama una vipimajoto vinavyojirekodi, viache majini wiki nzima. Ni vipimo vichache vinavyoeleza wadudu vizuri kama mpando na mshuko wa joto wa siku hadi siku.

Hatua ya 5: Kusanya wadudu, mahali pa aina moja kwa kila kituo

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Ukikusanya kwenye mawe huko juu na kwenye tope huko chini, ulichopima ni tofauti ya mawe na tope. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini si hiyo uliyoifuata. Kwa hiyo gawa kila kituo katika makazi yake: mawe yenye maji ya kasi, mchanga au tope kwenye maji yaliyotulia, mimea ya ukingoni, na marundo ya majani yaliyonasa. Kila makazi yapate chupa yake. Baadaye utalinganisha mawe na mawe, mimea na mimea, na ukitaka sura ya kituo kizima utayajumlisha. Nikilazimika kuchagua kimoja tu, huchagua mawe ya maji ya kasi, kwa sababu hupatikana mbali zaidi kando ya mto. Ila kwenye sehemu ya chini isiyo na mawe kabisa, mimea ya ukingoni ndiyo kiungo kizuri zaidi.

Kwenye mawe, ingia ukitokea upande wa chini ukielekea juu. Shikilia wavu sakafuni, mdomo ukitazama mkondo, kisha vuruga mawe mbele yake kwa mguu kwa dakika moja. Mawe makubwa yasugue kwa mkono ndani ya mdomo wa wavu. Heptageniidae na mabuu wenye nyumba za changarawe hawatoki kwa teke. Rudia sehemu tatu tofauti. Kama unataka idadi kwa eneo, tumia wavu wa Surber, ambao fremu yake huzunguka sentimita 30 kwa 30, yaani karibu mita ya mraba 0.09.

Kwenye mimea, pitisha wavu mara kadhaa kwa urefu wa mita 2. Marundo ya majani yainue taratibu wavu ukiwa chini yake. Na katika Afrika ya kitropiki, ukishika kaa mtoni mkague mwili mzima: mabuu wa Simulium neavei, inzi mweusi anayeeneza ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni), husafiri wakiwa wamejishika juu ya kaa, na kwenye mawe hutawapata.

Mimina ulichopata kwenye sinia, ondoa mawe na vijiti baada ya kuvisuuza, kisha tia ethanoli. Sampuli huja na maji yake, kwa hiyo anza na ethanoli ya asilimia 95 ili ibaki kali, na ibadilishe baada ya siku moja. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na sampuli isiyojulikana ilikotoka haina kazi tena. Osha wavu vizuri kabla ya kwenda kituo kingine.

Hatua ya 6: Chambua na tambua

Sambaza sampuli kwenye sinia lenye miraba, chagua miraba kwa kura, na uchambue mpaka ufikishe wadudu 300. Mraba ulioanza umalize. Kisha pitia sinia lililobaki ukitafuta aina adimu, uziandike kando.

Utambuzi wa mwanzo si mgumu. Ephemeroptera kwa kawaida wana mikia mitatu, matamvua kando ya tumbo, na ukucha mmoja kwa kila mguu. Plecoptera wana mikia miwili na kucha mbili. Wapo Ephemeroptera wenye mikia miwili, na ndipo kucha hukata shauri. Trichoptera wanafanana na viwavi laini wenye ndoano mbili nyuma. Wengine hujijengea nyumba za changarawe au vipande vya majani, wengine hufuma nyavu. Watoto wa kereng'ende wana mdomo wa chini unaokunjuka kunasa mawindo. Diptera, kundi la mbu na inzi, hawana miguu yenye maungio. Mbawakawa wa majini na kunguni wa maji utawatambua kwa urahisi wakiwa wapevu.

Fika angalau kwenye familia, lakini usiishie hapo kwa familia tatu: Baetidae (za Ephemeroptera), Hydropsychidae (Trichoptera wanaofuma nyavu) na Simuliidae. Hizi zinaweza kuwapo kutoka juu mpaka chini, na anayehesabu familia tu ataandika kwamba hakuna kilichobadilika. Ndani yake, spishi hupokezana. Kwa Hydropsychidae mabadiliko yanaonekana hata kwenye ufumaji: wa maji ya kasi huko juu hufuma nyavu zenye matundu makubwa yanayonasa vipande vikubwa, na wa chini hufuma matundu madogo yanayofaa chembe laini. Kama huwezi kufikia spishi, watenganishe kwa maumbo, uwaite Baetidae A, Baetidae B, na uhifadhi mfano wa kila mmoja.

Hatua ya 7: Wapange kwa namna wanavyokula

Mpe kila mmoja kundi lake: mkataji, mkwanguzi, mkusanyaji, mchujaji au mwindaji. Majedwali yapo, lakini mengi yanatoka mabara mengine, na spishi za familia moja huweza kula tofauti. Penye mashaka, tazama mdomo kwa hadubini au pasua tumbo uone kama kuna vipande vya majani, mwani au miguu ya wadudu wengine. Ni kazi ya polepole, ila inalipa kuliko hesabu zote zinazofuata.

Hatua ya 8: Piga hesabu chache

Kwa kila kituo andika idadi ya aina, idadi ya aina za Ephemeroptera, Plecoptera na Trichoptera kwa pamoja (EPT), na asilimia ya kila kundi la ulaji.

Uwiano mmoja ni muhimu: wakwanguzi gawanya kwa jumla ya wakataji, wakusanyaji na wachujaji. Tuseme kati ya wadudu 300 una wakwanguzi 90, wakataji 12, wakusanyaji 100, wachujaji 68 na wawindaji 30. Hesabu ni 90 gawanya kwa 180, sawa na 0.5. Kigezo kinachotumika sana ni 0.75: juu yake, mahali hapo panalishwa zaidi na mwani wake wenyewe, chini yake, panategemea chakula kutoka nje. Usikitegemee kupita kiasi, nacho kina asili yake Amerika Kaskazini. Cha kutazama ni jinsi uwiano unavyopanda na kushuka kituo hadi kituo.

Ili kuona mto unabadilika wapi hasa, linganisha vituo vinavyofuatana kwa kipimo cha ufanano cha Sørensen: aina zilizo kwenye vituo vyote viwili zidisha kwa 2, kisha gawanya kwa jumla ya aina za vituo hivyo. Kituo kimoja kikiwa na aina 18, kingine 22, na 12 zikiwa za pamoja, unapata 24 gawanya kwa 40, yaani 0.6. Chora thamani hizo kwenye mstari wa umbali. Mahali inaposhuka ghafla ndipo pa kurudi na kuchunguza.

Hatua ya 9: Tenganisha mabadiliko ya asili na majeraha

Mabadiliko ya asili huja taratibu, na huwa ni ya kupokezana: Heptageniidae wanapungua, Caenidae wanaongezeka, Plecoptera wanaisha, Gomphidae wanatokea, lakini idadi ya aina kwa jumla haiporomoki. Mara nyingi sehemu ya kati ndiyo yenye aina nyingi kuliko zote, kwa sababu joto hupanda na kushuka kwa upana zaidi hapo na makazi ni mengi.

Uchafu wa maji ya choo au wa viwanda vya chakula una sura nyingine. Aina zinaporomoka ghafla kati ya vituo viwili vilivyo karibu, huku wachache wanaovumilia upungufu wa oksijeni wakifurika: mabuu wekundu wa Chironomus, wa kundi la Diptera, ambao wekundu wao ni hemoglobini, na mabuu wenye mrija mrefu wa kupumulia nyuma. Kisha, ukiendelea kushuka, aina zinarudi kidogo kidogo. Kuporomoka na kurudi ndiyo alama. Mabadiliko ya asili hayarudi nyuma.

Kukata miti ya ukingoni kunaonekana kwa wakwanguzi kuongezeka na wakataji kutoweka kwenye daraja la 1 au la 2, ambako ungetarajia kivuli. Mmomonyoko huziba nafasi kati ya mawe, na wakaaji wa nafasi hizo huondoka hata kama vipimo vya kemikali havina tatizo lolote.

Bwawa ni suala la pekee. Ward na Stanford walieleza mwaka 1983 kwamba bwawa hukata mfululizo na kuupeleka mto mbele au nyuma kwenye mstari wake. Majani hubaki ndani ya bwawa, maji yanayotoka chini yake huweza kuwa baridi na maangavu, na viumbe vidogo vinavyoelea huwalisha wachujaji, ambao hujazana mara baada ya ukuta. Usiuone wingi huo ukadhani ni afya.

Kabla ya kuandika hitimisho kuhusu kituo cha chini, tafuta mto jirani wenye mwinuko na ukubwa unaofanana, usio na chanzo hicho cha uchafu, ukaupime mahali palipo sawa. Kituo cha tambarare kilinganishwe na kituo cha tambarare. Hata mifumo ya kuipa kila familia alama kulingana na inavyovumilia uchafu ina mipaka yake ya kijiografia: SASS5 ya Afrika Kusini hupa familia alama kuanzia 1 hadi 15, BMWP ya Uingereza kuanzia 1 hadi 10, na familia ileile inaweza kuthaminiwa tofauti kwenye kila mfumo.

Hatua ya 10: Rudi katika msimu mwingine

Wadudu wengi wa mtoni huwa majini kwa sehemu tu ya mwaka, kisha huruka. Aina iliyokosekana huenda ilikuwa yai, au ilikuwa angani. Pia hawakai mahali pamoja: wengi huachia mawe na kuchukuliwa na mkondo usiku, hasa muda mfupi baada ya giza kuingia, na baadhi ya majike waliopevuka huruka kuelekea juu kutaga. Kwa hiyo mdudu mmoja mmoja wa milimani aliyenaswa chini asikuhesabie makazi mapya. Wahesabu kuwa wakazi wanaopatikana kwa wingi, wa umri tofauti, katika misimu yote miwili, na wale wa mara moja uwawekee alama kwenye jedwali mpaka utakapowapata tena.